Seva ya nyumbani: Namna ya kutunza vitabu, muziki na filamu bila kumtegemea mwenye duka

MNAMO Julai 2009, wasomaji waliokuwa wamenunua nakala za kielektroniki za riwaya mbili za George Orwell, 1984 na Animal Farm, waligundua kuwa vitabu hivyo vimetoweka kwenye vifaa vyao vya Kindle. Kampuni ya Amazon ilikuwa imevifuta kutoka mbali baada ya kubaini kuwa aliyeviweka dukani hakuwa na haki ya kuviuza. Wanunuzi walirudishiwa pesa zao, na mkuu wa kampuni wakati huo, Jeff Bezos, akaomba radhi hadharani.

Mkasa huo haukuwa wa mwisho. Microsoft ilifunga duka lake la vitabu vya kielektroniki Aprili 2019, ikawarudishia wateja pesa, na kuanzia Julai mwaka huo vitabu vilivyonunuliwa humo vikakoma kufunguka. Februari 2025, Amazon nayo iliondoa njia iliyowawezesha wateja kupakua vitabu vya Kindle kwenye tarakilishi kisha kuvihamisha kwa waya. Anayelipa katika maduka ya aina hii huwa amepewa ruhusa ya kusoma; kitabu chenyewe husalia mikononi mwa mwenye duka.

Hiyo ni mojawapo ya sababu zinazowafanya watu kuanzisha seva ya nyumbani. Jina hilo linatisha kuliko kitu chenyewe. Seva ni tarakilishi isiyozimwa, iliyounganishwa na diski kubwa pamoja na mtandao wa nyumba, ambayo hutoa faili kwa runinga, simu au kipakatalishi chochote kilichomo humo. Kipakatalishi kikuukuu chenye kioo kilichopasuka kinaweza kuifanya kazi hiyo barabara. Tena kina faida moja ambayo mashine kubwa hazina: betri yake huiwezesha kuendelea kwa muda umeme unapopotea, na diski haikatizwi katikati ya kuandika. Betri iliyovimba, hata hivyo, ni hatari ya moto na haina budi kuondolewa kwanza. Mashine inayotumia wati 15 mchana na usiku humaliza takriban uniti 11 za umeme kwa mwezi.

Jambo jingine linalopuuzwa ni gharama ya intaneti. Filamu ya gigabaiti 4 ikitazamwa mara tatu kutoka mtandaoni hula gigabaiti 12. Ikitazamwa kutoka kwenye seva iliyo sebuleni, haili bando hata kidogo, kwa kuwa faili husafiri ndani ya nyumba tu, na intaneti ikikatika utazamaji unaendelea.

Programu zinazotumika

Nyingi ya programu za kazi hii zina nasaba inayoeleweka. Mradi ulioanza mwaka wa 2002 kwa ajili ya mashine ya michezo ya Xbox ulikua na kuitwa XBMC, kisha mwaka wa 2014 ukapewa jina la Kodi. Plex ilichipuka kutokana na mradi huo. Emby ilikuwa na chanzo chake, na wenyewe walipoacha kutoa msimbo wake kwa umma Desemba 2018, baadhi ya wachangiaji walichukua toleo la mwisho lililokuwa huria wakaanzisha Jellyfin.

Tofauti kati ya Plex na Jellyfin si ya sura tu. Plex hupitisha utambulisho wa mtumiaji kwenye mitambo ya kampuni, na Aprili 2025 ilipandisha ada yake ya maisha kutoka takriban Dola 120 hadi 250, huku utazamaji wa video za mtu binafsi akiwa mbali na nyumbani ukikoma kuwa wa bure. Jellyfin haina ada wala akaunti ya nje. Kwa anayeanzisha seva kwa kuchoshwa na masharti ya wenye maduka, uchaguzi hauhitaji mjadala mrefu, ijapokuwa Plex ni nyepesi zaidi kuisakinisha kwenye runinga nyingi.

Seva nyingi za nyumbani hulemewa kwa sababu moja. Runinga isipoelewa mfumo ambao video imefinywa, seva hulazimika kuitafsiri video hiyo papo hapo, picha baada ya picha. Kazi hii huichosha mashine kuu kuu hadi filamu ikaanza kukatika-katika. Vichakato vingi vya Intel vilivyotoka tangu mwaka wa 2011 vina sehemu maalumu ya kuifanya, lakini dawa rahisi ni kuhifadhi video katika mfumo wa H.264, unaokubaliwa na karibu kila kifaa, ili seva isiwe na la kufanya ila kukabidhi faili.

Majina kwanza

Anayedhani kuwa mashine itajipangia maktaba yenyewe atavunjika moyo. Jellyfin na wenzake hutambua filamu kwa kusoma jina la folda, kisha kutafuta picha na maelezo yake katika hifadhi za mtandaoni. Folda iliyoitwa "Rafiki" pekee inaweza kuletewa maelezo ya filamu nyingine kabisa yenye jina hilo. Iliyoitwa "Rafiki (2018)" humfikia Wanuri Kahiu bila kupotea. Mwaka ndio unaookoa.

Kwa muziki, programu ya Picard husikiliza faili na kulinganisha alama za sauti yake na zile zilizokwisha kuhifadhiwa mtandaoni, kisha kuchukua maelezo kutoka hazina ya MusicBrainz. Ufundi huo ni wa kusifiwa, ila hauna msaada kwa kanda ya taarab iliyorekodiwa arusini Lamu au Mombasa. Hiyo haijawahi kusikilizwa na hazina yoyote. Mwenyewe ndiye atakayeandika mwimbaji ni nani, kikundi gani, mwaka gani, na afadhali aandike angali na wazee wa kuwauliza.

Vitabu vina Calibre, programu iliyoanzishwa na Kovid Goyal mwaka wa 2006. Hii hubadilisha kitabu kutoka mfumo mmoja hadi mwingine, hukitumia kifaa cha kusomea na kuipanga maktaba nzima. Lakini desturi yake ya majina ni ya Kizungu: huchukua neno la mwisho kuwa jina la ukoo. Kwa Ken Walibora hakuna tatizo. Kwa Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, programu humweka chini ya herufi H, na anayemtafuta kwenye M hamwoni. Sehemu ya kusahihisha upangaji wa majina ya waandishi imo humo humo, na kazi hiyo ikifanywa mara moja, vitabu vya baadaye vya mwandishi huyo hufuata. Ni vyema pia lugha ya kila kitabu itajwe kuwa Kiswahili, maana bila hivyo kukitafuta kwa lugha hakuleti kitu.

Kuiachia mashine

Baada ya majina kunyooka, mengi yanaweza kujiendesha. Calibre inaweza kuelekezwa kwenye folda moja ikaichunga, na kila kitabu kinachotiwa humo kikaingia maktabani chenyewe. Hapa pana mtego ambao wengi hawausomi: kitabu kikishaingizwa, programu hukifuta kutoka folda ile. Folda yenye nakala za pekee haifai kamwe kupewa kazi hiyo.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi. Watu hupanga seva inakili kila kitu usiku kwenye diski ya pili, wakalala usingizi. Ikiwa kunakili huko ni kwa kufananisha, faili iliyofutwa kimakosa mchana itafutwa pia usiku kwenye nakala. Diski mbili zinazoandikwa kwa pamoja nazo hulinda dhidi ya diski kuharibika tu, si dhidi ya mkono wa mtu, mwizi au moto. Inafaa nakala zihifadhiwe kwa matoleo, ili ya jana na ya mwezi uliopita yapatikane. Kanuni inayohusishwa na mpigapicha Peter Krogh ni nakala 3, katika aina 2 za vifaa, 1 ikiwa nje ya nyumba. Hiyo ya nje inaweza kuwa diski iliyofungwa kwa neno la siri na kuachwa kwa shangazi, ikibadilishwa kila mwezi.

Diski zikiwa hazitoshi, kinachopewa kipaumbele ni kile kisichonunulika. Filamu itapatikana tena kwingine. Sauti ya babu akisimulia na picha za arusi hazitapatikana.

Kuna pia programu zinazosifiwa kwa kutafuta na kupakua filamu zenyewe. Zinafanya kazi, ila kinachopakuliwa mara nyingi hakina idhini ya mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 haikubali hilo, kama isivyokubali kuvunja kinga za kiteknolojia zinazowekwa juu ya kazi za watu. Vitabu ambavyo muda wa hakimiliki umekwisha hupatikana kihalali Project Gutenberg, na vya kusikiliza LibriVox.

Kuhusu kuifikia seva ukiwa safarini, kisa cha LastPass kinatosha. Mwaka wa 2022 wadukuzi waliingia katika kampuni hiyo ya kutunza maneno ya siri kupitia tarakilishi ya nyumbani ya mhandisi wake. Plex ilieleza baadaye kuwa kasoro iliyotumiwa katika programu yake ilikuwa imerekebishwa tangu Mei 2020. Mhandisi hakuwa amesasisha. Kwa hivyo seva isifunguliwe moja kwa moja kwa intaneti. Ifikiwe kupitia njia ya siri kama WireGuard, na masasisho yasicheleweshwe.

Nakala nazo hujaribiwa angalau mara mbili kwa mwaka: diski ya akiba huchomekwa kwenye tarakilishi nyingine, faili kadhaa zikafunguliwa na kusikilizwa. Kwa Calibre, hunakiliwa folda nzima ya maktaba, pamoja na faili ndogo ya maelezo iliyo kando ya kila kitabu, kwani orodha kuu ikiharibika, programu huweza kuijenga upya kutokana na faili hizo.