Kuunganisha Printa Kabla ya Windows

Siku hizi ukichomeka printa, kompyuta yenyewe hutafuta programu ya kuiendesha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kazi hiyo ilikuwa ya mwenye mashine, na kila kampuni iliamua kivyake imwachie mteja usumbufu kiasi gani.

Commodore 64, iliyotoka Marekani mwaka 1982, haikuwa na tundu la printa la kawaida. Printa na diski zilifuatana kwenye njia moja ya kebo, kila kifaa kikiitwa kwa namba: printa 4, diski 8. Ukitaka programu yako karatasini, uliandika OPEN 4,4, kisha CMD 4, kisha LIST, na yote ambayo yangekwenda kwenye skrini yakaenda kwenye printa. Mtego ulikuwa mwishoni. Kabla ya CLOSE 4 ilibidi utume PRINT#4 tupu, la sivyo printa ilibaki imetega sikio. Ukinunua MPS-801 ya Commodore, alama zote za kibodi zilitoka, hata kopa na shupaza. Ukinunua printa ya Epson, ulitafuta na kifaa cha katikati cha kuipatanisha na kompyuta. Ni mtindo wa muuza duka anayetaka urudi kwake tu.

Sinclair wa Uingereza alikata njia fupi: ZX Printer ilichoma kwa cheche karatasi nyembamba ya rangi ya fedha, nawe uliandika LLIST basi. Karatasi hiyo, bila shaka, ilikuwa ya printa hiyo tu.

BBC Micro ya Acorn, ya mwisho wa 1981, ilikuwa na tabia nyingine kabisa. Tundu la kawaida la printa, la Centronics, lilikuwa chini ya tumbo lake, na Epson MX-80 ilikubali bila mpatanishi. VDU 2 iliwasha uchapaji, VDU 3 ikauzima. Lakini mashine hii ya mashuleni ilikutaka uelewe. Kwa kawaida haikuipelekea printa herufi namba 10, ile inayosogeza karatasi. Kama swichi ndogo za printa hazikupangwa kuisogeza zenyewe, ukurasa mzima ulirundikana kwenye mstari mmoja, mweusi tii. Dawa yake ni *FX6,0. Na ukiandika barua kwa programu ya Wordwise, ili neno likolee ulipachika OC27,69 kabla yake na OC27,70 baada yake. Namba hizo si za Wordwise, ni za Epson; mwandishi wa barua alilazimika kuongea na printa ana kwa ana.

Mwaka 1985 Alan Sugar wa Amstrad akaona hayo yote ni karaha. PCW 8256 ilikuja na skrini, diski, printa na programu ya LocoScript, kwa pauni 399 kabla ya kodi. Akili ya printa ilikuwa ndani ya kompyuta, hivyo hapakuwa na cha kupanga. Kwa mtu wa riwaya na barua, sioni kilichoishinda wakati ule.

Leo, kwa wanaofufua mashine hizi, mizani imegeuka. Mwenye BBC huweza kuunganisha printa yoyote ya zamani inayofuata namba za Epson, au kijisanduku kinachojifanya Epson na kuhifadhi kurasa kama faili. Printa ya PCW, kompyuta yake ikifa, haina pa kuchomekwa.