George Anyona: Mbunge wa Nyamira Ambaye Hatukumuaga

Wiki iliyopita nilisimama steji ya Keroka na simu mkononi, nikauliza watu wa rika langu swali moja tu: George Anyona ni nani? Wa kwanza akasema ni kocha wa zamani wa Shabana. Wa pili akauliza kama ni yule mtangazaji wa redio. Wa tatu akaniambia nisimsumbue, yeye anangoja gari ya Nyansiongo.

Nilicheka, lakini sikuwa na haki ya kumcheka mtu. Mimi mwenyewe nimemjua juzi tu, kupitia kwa sokoro, babu yangu, siku moja nikimsaidia kubeba majani chai. Alinisikia nikipiga kelele kwenye simu kuhusu serikali, nikitaja majina wazi wazi. Aliponiona nimemaliza akaniambia, "Mjukuu wangu, kuna mtu wa huku alifungwa mara tatu kwa hayo unayoongea hapo ukicheka." Halafu akaongeza kitu ambacho kilinishika: "Na sisi ndio tulimfuta kazi."

Basi leo nataka tumpe huyo mzee heshima yake. Wabunge wengine wakistaafu hufanyiwa sherehe, wanavishwa maua, wanapewa kiti cha enzi na mbuzi. Anyona hakupata hiyo.

Tuanze 1974. Kenya ina chama kimoja kinachofanya kazi, KANU, na rais ni Jomo Kenyatta. Huku kwetu bado hakuna Kaunti ya Nyamira. Kote ni Wilaya ya Kisii. Kijana wa Tombe, hajafika hata miaka 30, anachaguliwa mbunge wa Kitutu Mashariki, eneo ambalo leo tunaliita Kitutu Masaba. Ni umri wa wengi wenu mnaosoma hapa na mnaoambiwa mngoje zamu yenu.

Bunge aliloingia halikuwa mahali pa mzaha. Machi 1975 mbunge wa Nyandarua Kaskazini, J.M. Kariuki, aliuawa na mwili wake ukapatikana Ngong. Oktoba mwaka huo huo, Martin Shikuku alisema bungeni kwamba KANU imekufa. Alipotakiwa kuthibitisha, Naibu Spika Jean-Marie Seroney akasema jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Wote wawili walikamatwa humo humo katika majengo ya bunge na kuwekwa kizuizini.

Ukiwa mbunge kijana na umeona hayo, akili ya kawaida inakuambia nini? Inakuambia unyamaze. Anyona hakunyamaza. Mei 1977 alisimama kuuliza kuhusu tenda ya mabehewa ya reli, akidai kwamba mambo hayakwenda sawa. Swali la tenda tu! Kitu ambacho leo hata mtoto wa kidato cha pili anakiandika mtandaoni kabla ya chai ya saa nne. Alikamatwa bungeni akapelekwa kizuizini.

Hapa nataka mnielewe vizuri, kwa sababu ndiyo roho ya stori yote. Mbunge ana kinga: hawezi kushtakiwa kortini kwa maneno aliyosema ndani ya bunge. Sasa mbona Anyona alifungwa? Kwa sababu hakushtakiwa. Kulikuwa na Sheria ya Kuhifadhi Usalama wa Umma, ambayo ilimruhusu waziri kutia sahihi karatasi moja na wewe ukapotea. Hakuna kesi, hakuna hakimu, hakuna tarehe ya kutoka. Kinga inakulinda dhidi ya korti, lakini huwezi kujikinga na korti ambayo huitwi. Hiyo ndiyo ilikuwa akili ya hiyo sheria, na ndiyo maana ilitisha kuliko jela yenyewe. Aliyefungwa miaka 5 anahesabu miaka 5. Wa kizuizini anahesabu nini?

Alitoka 12 Desemba 1978, baada ya Kenyatta kufariki na Moi kuingia. Siku hiyo waliachiliwa wafungwa wa kisiasa kadhaa, wakiwemo Shikuku, Seroney na mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, yule aliyeandika riwaya ya Kigĩkũyũ kwenye karatasi za choo akiwa Kamiti. Watu walishangilia. Walidhani mambo yamebadilika.

Hayakubadilika sana. Uchaguzi wa 1979 Anyona alizuiwa kusimama. Kitutu Mashariki ikampeleka bungeni Abuya Abuya, naye akaingia kwenye kile kikundi cha wabunge wakaidi, pamoja na akina James Orengo, Chelagat Mutai na Koigi wa Wamwere, ambao Charles Njonjo aliwabandika jina la "dada saba wenye ndevu". Kwa hivyo mkisikia mtu akisema Wakisii ni watu wa kufuata tu serikali, mwambieni arudi darasani. Mbunge mmoja mkaidi alizuiwa, wananchi wakamtuma mwingine.

Twende 1982. Anyona na Jaramogi Oginga Odinga wakaanza mipango ya kuunda chama kipya. Na sikilizeni, wakati huo sheria ilikuwa bado inaruhusu. Kenya ilikuwa ya chama kimoja kwa mazoea, si kwa sheria. Jibu la serikali? Odinga alifukuzwa KANU, Anyona akawekwa kizuizini mara ya pili, na 9 Juni 1982 bunge likapitisha kifungu cha 2A cha katiba, kilichosema chama ni kimoja tu, KANU. Njonjo aliwasilisha hoja, Mwai Kibaki akaiunga mkono. Fikirieni ukubwa wa jambo hilo: watu wanapanga kufungua chama, na nchi nzima inabadilishiwa katiba ili wasiweze.

Alitoka 1984. Miaka sita baadaye, Julai 1990, siku nne tu baada ya ile Saba Saba ya kwanza, polisi walimkamata kwenye baa jijini Nairobi akiwa na Profesa Edward Oyugi, Ngotho Kariuki na Njeru Kathangu. Safari hii walipelekwa kortini kwa kosa la uchochezi. Julai 1991 wakahukumiwa miaka 7 kila mmoja. Anyona alitoka kwa dhamana mwaka 1992 akisubiri rufaa, kifungu cha 2A kikiwa tayari kimeondolewa Desemba 1991.

Jumlisheni hizo safari tatu. Ni zaidi ya miaka 4 ya maisha ya mtu mmoja. Yote ni kwa maneno: swali, wazo la chama na mazungumzo ya baa. Hakuna mahali alishika bunduki.

Desemba 1992 akarudi kwenye debe na chama chake kidogo, Kenya Social Congress. Aligombea urais, akapata chini ya asilimia 1 ya kura. Manze, nchi haikumtambua kabisa. Lakini nyumbani walimtambua. Chama hicho kilipata kiti kimoja tu bungeni, na kiti hicho kilikuwa chake, Kitutu Masaba. Mwaka 1997 wakamrudisha tena.

Na sasa tunafika kwenye sehemu ambayo naona inapaswa kuwa kwenye kila kitabu cha historia cha Kisii na Nyamira. Mwaka 1997 nchi ilikuwa inawaka kwa maandamano ya kudai mabadiliko. Wabunge wa KANU na wa upinzani wakakaa pamoja kwenye kikundi kilichoitwa IPPG, na Anyona alikuwa miongoni mwa wapinzani walioshiriki. Matokeo yake, kabla ya uchaguzi, sheria kadhaa zilibadilishwa. Kizuizini bila kesi kikaondolewa. Vifungu vya uchochezi kwenye Sheria ya Adhabu vikafutwa. Mkutano wa hadhara ukaacha kuhitaji leseni, ukabaki kuhitaji taarifa tu kwa polisi.

Mmeona? Kizuizini ndicho kilimla 1977 na 1982. Uchochezi ndio uliomla 1990. Sheria zote mbili zikaondoka yeye akiwa amekaa bungeni. Kuna watu hupewa barabara yenye jina lao. Yeye aliona sheria zilizomfunga zikifutwa vitabuni, na sisi wengine wote tukapona naye.

Sitaki kuwauzia malaika. Wanaharakati wengi waliona IPPG kama usaliti, kwa sababu walitaka katiba mpya kabla ya kura, na makubaliano yale yakapoza moto wa barabarani. Moi akashinda tena 1997, na katiba mpya ikangoja hadi 2010. Hiyo hoja ina uzito na siipuuzi. Mimi naona hivi: mtu aliyelala kizuizini mara mbili ana sababu ya kuchukua ufunguo anaopewa leo, badala ya kungoja nyumba mpya ya kesho. Unaweza kumkosoa, lakini huwezi kusema hakujua anachokifanya.

Halafu ikaja Desemba 2002. Simeon Nyachae alikuwa anagombea urais kwa FORD-People, na Gusii nzima ilienda na mtoto wake. Wimbi lile lilibeba kila kitu. Anyona akaanguka, Samson Okioma wa FORD-People akachukua kiti. Novemba 2003, hata mwaka haujaisha, Anyona akafariki kwa ajali ya barabarani.

Nilimuuliza sokoro kwa nini alimnyima kura. Hakukwepa. Alisema sababu mbili. Ya kwanza, mtoto wetu anataka urais, utapigaje kura nyingine? Ya pili ndiyo iliyoniuma. "Tuliuliza, huyu amejenga nini?"

Hilo swali bado tunaliuliza kila uchaguzi, kuanzia Daraja Mbili mpaka Miruka. Mbunge amejenga madarasa mangapi? Ameleta basari ngapi? Lakini wasee, tuangalie tarehe. Sheria ya CDF ilipitishwa 2003. Anyona alikuwa ameshatoka. Miaka yote aliyokuwa bungeni hakukuwa na mfuko wa eneo bunge. Aliyejenga alijenga kwa harambee, na harambee ilitaka uwe na pesa zako au uwe karibu na wenye pesa za serikali. Mbunge wa upinzani aliyetoka jela angetoa wapi? Kumuuliza mtu kama huyo amejenga nini ni kama kumwuliza mlinzi wa usiku amelima ekari ngapi. Kazi yake ilikuwa tulale salama.

Na ni kweli hatuoni tulichopewa, kwa sababu sheria iliyoondolewa haina bango. Huwezi kupiga picha nayo. Hakuna chopa inayotua kuifungua. Unaiona tu siku ambayo ungekamatwa na hukukamatwa.

Juni 2024 vijana tuliingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, Kisii mjini kama kwingine. Tulipaza sauti, tukataja majina, tukauliza pesa zinaenda wapi. Kila tulichofanya kingetosha kukupeleka kizuizini mwaka 1982. Baadaye tukaona kitu ambacho wazee wetu walikitambua haraka kuliko sisi: vijana wakichukuliwa na watu wasio na sare, kwenye magari yasiyojulikana, na familia zikizunguka vituo vya polisi zikiuliza mtoto yuko wapi. Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inasema aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24. Mtu akichukuliwa na asifikishwe, hicho ni kizuizini cha 1977 kimevaa nguo mpya. Tofauti ni kwamba wakati ule waziri alitia sahihi. Safari hii hakuna anayetaka kutia sahihi, kwa sababu sheria ya kumruhusu haipo tena.

Na kwamba haipo, sehemu ya shukrani inaenda Tombe.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Walimu wa historia wa Kisii na Nyamira, siku moja ya muhula mtajeni. MCA wangu, ukitafuta jina la ukumbi au maktaba, usitafute mbali. Na wewe uliye na bibi au babu aliyepiga kura 1974, keti naye wikendi hii, weka simu irekodi, muulize anakumbuka nini. Hao wazee hawatakaa milele, na mengi wanayoyajua hayako mtandaoni.

Nilirudi kwa sokoro kumsomea haya kabla sijayaweka hapa. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, akasema nimekosea kitu kimoja. Nikashtuka, nikadhani ni tarehe. "Umeandika kwamba hatukumuaga," akasema. "Sisi tulienda mazishi. Ni nyinyi ambao hatukuwaambia."