Majani ya Boito, Vita vya Sudan na Profesa wa Mombasa

Wasee, wengi wenu mkisikia "sera za nje" mnasongesha skrini. Mnaona mabwana wenye suti wakisalimiana na bendera nyuma. Ngojeni kidogo.

Februari 2025, Nairobi iliwapokea RSF, wale wapiganaji wanaopigana na jeshi la Sudan. Wakakutana KICC na washirika wao, wakatia sahihi mkataba wa kuunda serikali yao wenyewe. Serikali ya Sudan iliwaka. Machi ikapiga marufuku bidhaa zote za Kenya, na kati ya bidhaa hizo kubwa ni chai. Sudan imekuwa kwenye orodha ya wateja kumi wakubwa wa chai yetu, huko nyuma ya Pakistan na Misri. Sasa fikiria mama wa Boito aliyeamka saa kumi na moja, akavaa mpira, akachuma majani mawili na kichipukizi hadi kikapu kikajaa, akapanga foleni pale senta apimiwe kilo. Nani alimuuliza kuhusu RSF?

Sisemi bonasi ya mwaka huo ilishuka kwa sababu ya Sudan peke yake. Bei, ubora, dola, gharama za kiwanda, sababu ni kibao. Lakini mteja mkubwa akifunga duka, bei ya mnada wa Mombasa inasikia, na sisi huku Konoin tunasikia baadaye.

Sasa kuna Mkenya aliyetumia maisha yake yote kufikiria jambo hili hasa: nchi za Afrika zinajiweka vipi mbele ya dunia, na nani analipa zikikosea. Anaitwa Ali Mazrui. Shuleni tulitajiwa jina tu, tukasonga.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1933. Babake, Sheikh Al-Amin, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Ungedhani kijana wa nyumba hiyo atapasua mtihani. Wapi. Mtihani wa Cambridge ulimwendea vibaya, na Makerere, iliyokuwa ndiyo tegemeo la masomo ya juu Afrika Mashariki, hakuingia. Akabaki Mombasa akifanya kazi ya ukarani kwenye taasisi ya elimu ya Waislamu. Halafu siku moja gavana Philip Mitchell akamsikia akihutubia kwenye sherehe za Maulidi, akavutiwa, na hatimaye njia ya kwenda Uingereza ikafunguka. Huddersfield kwanza, kisha Manchester alikomaliza 1960, kisha Columbia kule New York, kisha udaktari Oxford mwaka 1966.

(Najua mtaniambia, "Wewe uliyeacha chuo unapenda hadithi kama hii." Ndio napenda. Lakini jamaa alipata digrii tatu, kwa hivyo msimtumie kuwatishia wazazi wenu.)

Sehemu tamu ni kwamba Makerere ile iliyomkosa kama mwanafunzi ilimpata kama mwalimu mwaka 1963, na muda si muda akawa profesa na mkuu wa idara ya siasa. Na alikuwa hana adabu, kwa maana nzuri. Nkrumah alipopinduliwa 1966, wakati vijana wa Afrika nzima walikuwa wanamlilia, Mazrui aliandika makala akimwita mfalme wa Kirusi aliyevaa nguo za Lenin, au maneno ya kuelekea huko. Mwaka uliofuata akawacheka wasomi wa Magharibi waliokuwa wanaipenda Tanzania ya Nyerere kama mtu aliyerogwa. Hiyo hali akaitungia jina, "Tanzaphilia", ni kama ugonjwa vile.

Lakini kitabu chake ninachotaka mkikumbuke ni cha 1967, Towards a Pax Africana. Ili ukielewe rudi nyuma hadi Januari 1964. Kenya ina uhuru wa wiki sita tu. Wanajeshi wa Tanganyika wanaasi, kisha wa Uganda, kisha wa kwetu kambini Lanet, hapo Nakuru, si mbali. Na Nyerere, Obote na Kenyatta wanafanya nini? Wote watatu wanawaita wanajeshi wa Uingereza. Yaani umemfukuza mwenye nyumba leo, kesho unampigia simu aje afukuze wezi.

Mazrui aliuliza swali ambalo bado halijajibiwa: mkoloni akiondoka, nani atalinda amani Afrika? Jibu lake lilikuwa Waafrika wenyewe, kwa pamoja, na wawe tayari kuingiliana pale nyumba ya jirani inapoungua. Tofauti yake na kilichotokea KICC iko hapo hapo. Kwake yeye, kuingia kwa jirani ni ili vita viishe. Kumpa upande mmoja ukumbi na kalamu ni jambo lingine kabisa.

Uganda ya Idi Amin haikumvumilia, akaondoka 1973. Nyumbani Kenya hakupewa nafasi ya kufundisha chuo kikuu, basi akaenda Michigan, baadaye Binghamton, New York. Enzi ya Moi hakuwa mtu wa kualikwa. Hii ndiyo inaniuma. Nchi ilikuwa na mtu wa aina hiyo, dunia ikamsikiliza, sisi tukamsoma kwa mbali. Mwaka 1979 BBC ilimpa mihadhara ya Reith. Hapo alisema Afrika nayo iwe na silaha za nyuklia, ili wakubwa waogope hadi wakubali zote zitupwe. Mimi hapo simfuati, siwaamini viongozi wetu hata na gari la wagonjwa. Mwaka 1986 akatoa filamu ya vipindi tisa, The Africans, na huko Marekani mkuu wa shirika la serikali lililochangia pesa, Lynne Cheney, akakasirika hadi akataka jina la shirika litolewe. Kibaki ndiye aliyemrudisha rasmi, akamfanya mkuu wa chuo cha JKUAT mwaka 2003. Alifariki Oktoba 2014, akazikwa kwao Mombasa.

Kuna moja inayotugusa sisi wa huku moja kwa moja. Mwaka 1992 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulimweka kwenye kundi la watu mashuhuri wa kudai fidia ya utumwa na ukoloni. Yeye hakutaka iishie kwa hundi. Alitaka ujuzi uhamishwe, na Afrika ipewe sauti pale maamuzi ya dunia yanapofanywa.

Sasa tazama mashamba makubwa ya chai ukitoka Boito kwenda Kericho. Wakipsigis walitolewa kwenye ardhi hiyo, na ukoo wa Talai ulihamishwa mwaka 1934 hadi Gwassi, kwenye mbung'o na malaria. Agosti 2022 kesi yao dhidi ya Uingereza ilipelekwa Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mfalme Charles alikuja Kenya Oktoba 2023, akazungumzia majuto, msamaha hakuomba. Wazee wa huku wamekuwa wakifanya sera za nje bila wizara, kwa mawakili na barua. Na wakishinda, swali la Mazrui linabaki mezani: ni pesa tu, ama pia sehemu ya kiwanda, ujuzi wa kuuza chai iliyopakiwa, na kiti kwenye mnada?

Oh, na Haiti. Kundi la kwanza la polisi wetu lilifika Port-au-Prince Juni 25, 2024, siku ileile vijana walipoingia Bunge. Pax Africana ilivuka bahari kabla ya kumaliza kazi nyumbani.

Mihadhara yake sita iko kwenye tovuti ya BBC, bure. Kama bando ni kidogo anza na ya sita, ndiyo ile ya nyuklia, halafu njoo tubishane hapa chini.