Pia isiyozunguka: Kifaa kiitwe kwa kazi yake

Suala la istilahi za sayansi katika Kiswahili halina siku ya kupumzika. Ukidhani umelifunga, kifaa kingine kinabisha hodi na kudai jina. Wiki hii nataka tukitazame kimoja ambacho lugha nyingi hukiita kwa jina lenye asili ya Kigiriki, jairoskopu. Kimo ndani ya ndege, meli, setilaiti na hata simu nyingi tunazobeba mifukoni. Kazi yake ni kutambua kwamba kitu kimegeuka, kimegeukia wapi na kwa kasi gani.

Mwalimu anayekieleza kwa Kiswahili huvutwa mara moja na neno pia, yaani kile kichezeo cha watoto kinachozungushwa kikasimama kwa ncha. Neno lenyewe ni tamu na linajulikana. Lakini historia ya kifaa hiki inatuonya, kwa kuwa jairoskopu nyingi za leo hazina pia ndani. Hazina chochote kinachozunguka. Hebu tuifuate safari hiyo, kisha turudi kwenye jina.

Mwaka 1851, Mfaransa Léon Foucault alining'iniza tufe la kilo 28 kwa waya wa mita 67 chini ya kuba la Panthéon, Paris, akaliacha libembee. Watu waliona mstari wa kubembea kwake ukigeuka polepole. Kumbe sakafu ndiyo iliyokuwa ikigeuka chini yake, kwa sababu dunia inazunguka. Pale Paris mstari huo humaliza duara kwa saa 32 hivi. Mwaka uliofuata Foucault aliunda gurudumu zito linalozunguka kwa kasi ndani ya fremu zinazoliacha huru. Mhimili wake ulibaki ukielekea upande uleule angani huku dunia ikigeuka. Akakitungia kifaa hicho jina kutokana na maneno mawili ya Kigiriki: gyros, yaani duara au mzunguko, na skopein, yaani kutazama. Tia alama hapo, msomaji. Jina lake halikutaja gurudumu wala pia; lilitaja kazi ya kuutazama mzunguko, na mzunguko aliotaka tuuone ulikuwa wa dunia.

Sasa tuje huku kwetu. Mji wa Kakamega uko kilomita 30 hivi kaskazini mwa ikweta, mstari unaopita Maseno. Tufe la Foucault likitundikwa hapa, mstari wake ungehitaji takriban siku 200 kumaliza duara ambalo Paris humalizwa kwa saa 32. Ukisimama kwenye ncha ya kaskazini, dunia inakuzungusha kama mtu aliyesimama katikati ya sinia linalozungushwa. Ukisimama kwenye ikweta huzungushwi hivyo kamwe. Unapinduliwa kuelekea mashariki, kama mtoto anayepiga kichwangomba, ila kichwangomba kimoja kinachukua takriban saa 24.

Ndiyo maana lile onyesho la maji ni la kutiliwa shaka. Nanyuki, na vilevile Kayabwe nchini Uganda, watalii huonyeshwa maji yakishuka kwenye tundu la beseni, eti hatua chache kaskazini yanazunguka huku, na hatua chache kusini yanazunguka kule. Ni burudani nzuri, lakini si kazi ya dunia. Ukiwa mita 20 kutoka ikweta, dunia ingehitaji zaidi ya miaka 800 kuligeuza beseni hilo duara moja. Kinachoyageuza maji ni namna yalivyomiminwa.

Turudi kwenye kifaa chetu. Meli zilipoanza kujengwa kwa chuma, dira ya sumaku ilianza kubabaika. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mjerumani Hermann Anschütz-Kaempfe na Mmarekani Elmer Sperry waliunda, kila mmoja kwake, dira zinazotumia gurudumu linalozunguka kutafuta kaskazini halisi. Wakati huo jina la pia lingefaa kabisa. Ila pia ina maradhi yake. Inasuguana, inapata joto, inachakaa, inataka fundi kila mara.

Njia nyingine ilitokana na mwanga. Mwaka 1913 Mfaransa Georges Sagnac aliugawa mwale mmoja kuwa miwili, akaipeleka pande zinazokinzana juu ya meza inayozunguka, kisha akaikutanisha tena. Fikiria wanariadha wawili katika uwanja wa Bukhungu. Wanaanza pamoja kwenye mstari mmoja, mmoja akielekea kulia, mwenzake kushoto, kwa kasi sawa. Mstari ukitulia, watarudi kwa wakati mmoja. Lakini mstari ukisogezwa wakati wanakimbia, mmoja ataufikia mapema na mwingine atachelewa. Tofauti hiyo ya wakati inakuambia kwamba kuna kilichozunguka. Sagnac aliamini kwamba amethibitisha kuwepo kwa etha, dutu iliyodhaniwa kujaza anga na kubeba mwanga. Hapo alikosea, maana matokeo yake yanaelezeka kwa nadharia ya Einstein bila etha yoyote. Kipimo chenyewe, hata hivyo, kilikuwa sahihi.

Tatizo ni kwamba tofauti hiyo ni ndogo mno. Mwaka 1925 Albert Michelson na Henry Gale, karibu na Chicago, walilaza mabomba yaliyoondolewa hewa kwa umbo la mstatili wa mita 613 kwa 339 ili kuupima mzunguko wa dunia. Waliona michirizi ya mwanga ikisogea kwa kiasi cha karibu robo ya mchirizi mmoja. Nani angeweza kupakia shamba zima ndani ya ndege?

Jibu lilikuja na leza. Ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman mwaka 1960. Kabla mwaka huo haujaisha, Ali Javan, mzaliwa wa Tehran, pamoja na wenzake wakaunda leza ya gesi ya heli na neoni. Mwaka 1963 Macek na Davis, katika kampuni ya Sperry, ileile iliyotajirishwa na magurudumu yanayozunguka, waliikunja leza ya gesi kuwa mzingo uliofungwa kwa vioo pembeni. Miale miwili ilizaliwa humo humo, mmoja ukienda huku na mwingine kule. Mzingo ukigeuka, njia ya mwale mmoja hurefuka na mitetemo yake kwa sekunde hupungua. Ya mwenzake hufupika na mitetemo huongezeka. Ukiichanganya, unapata mdundo.

Wapenzi wa isukuti wataelewa haraka. Wapigaji wawili, mmoja akimzidi mwenzake kasi kidogo tu, mapigo yao hukutana, huachana, hukutana tena. Ukihesabu mikutano hiyo kwa dakika, unajua mmoja anamzidi mwenzake kwa kiasi gani bila kuhesabu mapigo yote. Ngoma hizo zinatufunza na hatari yake pia. Wawili wakikaribiana sana kasi, mmoja humezwa na mwenzake na wote wakapiga pamoja. Miale nayo hufanya hivyo. Kioo kikirudisha chembe ya mwanga upande usiofaa, miale hufungana, na kifaa kinanyamaza ilhali kinageuka. Dawa ya wahandisi ilikuwa kukitikisa kifaa mamia ya mara kwa sekunde ili miale isipate nafasi ya kukubaliana. Ilichukua karibu miaka 20 tangu 1963 kabla leza hizo kuingia katika ndege za abiria, Boeing 757 na 767, mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Huko Wettzell, Ujerumani, kuna leza ya aina hii yenye umbo la mraba wa mita 4 kwa 4, iliyolazwa chini ya ardhi. Mzunguko wa dunia peke yake unaipa midundo 348 hivi kwa sekunde. Nimepiga hesabu ya kuileta Kakamega. Ikilazwa sakafuni ingetoa midundo 2 tu. Ikisimamishwa kama ukuta unaotazama kaskazini ingetoa 460, kuliko hata kule Ujerumani. Kifaa ni kilekile na dunia ni ileile. Kilichobadilika ni mkao.

Jambo hili si la vitabuni tu. Ndege kubwa ikiwa imesimama uwanjani, leza zake huusikiliza mzunguko wa dunia ili zijue kaskazini iko wapi. Katika ndege nyingi kazi hiyo huchukua kama dakika 5 karibu na ikweta, na inaweza kufika 17 kwenye latitudo ya nyuzi 70. Kwa hiyo Kisumu na Entebbe ni miongoni mwa mahali ambapo ndege hujipanga upesi zaidi. Na siku hizi ambapo mawimbi ya GPS huvurugwa makusudi katika anga ya Mashariki ya Kati na karibu na bahari ya Baltiki, rubani anashukuru kuwa na kifaa kisichongoja habari kutoka nje.

Basi tukiite nini? Tuna mifano miwili nyumbani. Garimoshi lilipewa jina kutokana na moshi wake. Leo treni ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, inaendeshwa kwa umeme, na tukisema garimoshi la umeme tunajipinga wenyewe. Darubini, kwa upande mwingine, ni neno lenye asili ya Kiajemi linalomaanisha kiona-mbali. Limetaja kazi, ndiyo maana halijachakaa ingawa vyombo vyenyewe vimebadilika mara nyingi.

Najua kuna watakaosema kwamba lugha haifi kwa sababu ya garimoshi. Ni kweli, abiria hapotei njia kwa ajili ya jina. Mwanafunzi hupotea. Mtoto wa Shinyalu au Malava akiambiwa kwamba ndani ya simu mna pia, ataitafuta pia, kumbe mna kipande kidogo cha silikoni kinachotetemeka. Atadhani ni yeye asiyeelewa, na hapo tunampoteza mhandisi wa kesho kabla hajafika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro.

Pendekezo langu ni kihisi-mzunguko. Lina gurudumu la Foucault ndani yake, lina leza ya Wettzell, lina simu yako, na litakipokea kifaa ambacho bado hakijabuniwa. Pia tuwaachie watoto uwanjani. Aliye na jina bora alete, mradi litaje kazi.