Kusarifu wasifu

Mpwa wangu alinitumia faili juzi nimpitishie jicho kabla hajaomba kazi ya uhasibu. Jina la faili: "CV mpya ya mwisho". Nikamwuliza kama ameisoma sambamba na tangazo. Akajibu, "Mjomba, CV si ni CV tu?" Kosa si lake peke yake. Jina lenyewe halimwambii kitu.

Hiyo "sivii" ni Kilatini kilichopita kwa Waingereza kikanyolewa hadi herufi mbili. Maneno yake kamili yana maana ya mwendo wa maisha, na ndani yake mna kitenzi cha kukimbia. Wamarekani nao wameazima neno la Kifaransa lenye maana ya muhtasari, ilhali Wafaransa wenyewe huandika CV! Basi tusijione wanyonge.

Matangazo ya kazi za serikali Tanzania hupenda "maelezo binafsi". Maelezo binafsi hata zahanati huyachukua. Ila ndani ya "binafsi" mmekaa nafsi, na nafsi ina ndugu yake wa shina moja la Kiarabu: nafasi. Nafsi inayotafuta nafasi! Hazina kama hiyo imefichwa kwenye neno linalonukia fomu na mhuri.

Kenya wanafunzi hufundishwa wasifukazi. Neno hili limetutenganishia vyema karatasi ya ajira na wasifu wa kifasihi, kama ule alioandika Shaaban Robert juu ya Siti binti Saad, na pia na tawasifu, ambamo mtu hujisimulia mwenyewe. Lakini lisome polepole: wasifu wa kazi. Anayeelezwa hapo ni mtu au kazi? Masikioni mwangu, wasifu wa kazi ni lile tangazo lenyewe.

Mimi natosheka na wasifu, bila mkia. Tangazo husema "sifa za mwombaji". Mwombaji hujibu kwa wasifu. Sifa na wasifu ni watoto wa mama mmoja, na kwa Kiarabu asili yao ni kueleza kitu kilivyo. Lugha imekwisha kutuonyesha kazi ilivyo: kila sifa iliyotajwa kule ipate mwenzake huku. Taabu ni kwamba kwetu sifa imebeba pia kusifu, na kusifu kukazaa kujisifu. Ndiyo maana mtu aliyesimamia hesabu za ghala zima huandika "nilisaidia kazi za ofisini", akiogopa kuonekana ana majivuno. Nimwambie nini? Kueleza ulivyo si kujisifu. Shina la neno linakutetea.

(Na huyo "mwombaji" ananikera kidogo. Kuomba tunaomba dua, chumvi kwa jirani, na radhi. Nafasi huwaniwa. Kwa nini asiwe mwania kazi?)

Sasa kitenzi. Tunasemaje pale mtu anapoupanga wasifu wake ufuate tangazo moja mahususi? Kuurekebisha? Kwani ulikuwa na kosa? Kuubadilisha? Hapo panaanza kunuka kughushi, na Tanzania iliyotaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi mwaka 2017 haihitaji kitenzi chenye kivuli. Kuulenga ni afadhali, ila kulenga kunatazama shabaha tu, hakusemi mshale umechongwaje.

Waingereza, wanaosema "tailor", wamekwenda kwa fundi cherehani. Nasi tunaye. Pale soko la Karume, Dar es Salaam, unanunua suruali ya mtumba, hatua chache unamkuta fundi, anapunguza kiuno, anapandisha pindo, kitambaa ni kilekile. Picha inapendeza. Lakini jaribu kusema "nimeshona wasifu" uone msikilizaji atakavyodhani umeungaunga viraka vya uongo. "Kushonesha" ndiyo kabisa: hiyo ni kumwachia kijana wa steshenari akupigie chapa uleule wa mteja wa jana, abadilishe jina.

Napendekeza kusarifu. Ni ndugu wa sarufi, na wazee walimsifu mtu anayejua kuyasarifu maneno, yaani kuyatumia kila moja mahali pake. Mwanasarufi naye husarifu kitenzi: anapenda, hupendwa, tulipendana. Viambishi vinabadilika kufuata nafsi, wakati na kauli; mzizi -pend- haugusiki. Wasifu ndivyo ulivyo. Mhasibu yuleyule, akiwania kazi benki, hutanguliza ukaguzi na usuluhishi wa hesabu. Akiwania kwenye shirika la misaada, hutanguliza bajeti za miradi na taarifa kwa wafadhili. Miaka aliyofanya kazi haiongezeki hata mwezi. Mzizi umesimama. Na sikio lina haki yake pia: sarifu wasifu, yanapokezana kama vina.

Nikamwandikia mpwa wangu haya yote, marefu kuliko wasifu wake. Kimya siku mbili. Kisha ukaja ujumbe, "Mjomba, nimeusarifu," na faili chini yake. Aya ya kwanza ilizungumzia kodi na mishahara, kama tangazo lilivyotaka. Jina la faili: "CV mpya ya mwisho kabisa 2".