Kona za Kilosa Juu ya Meza

Kati ya Kilosa na Gulwe, Reli ya Kati hufuata mto Mkondoa, na mto ndio unaoamua kona iwe wapi. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Kigoma 1914, na upana waliouchagua ni mita 1 kati ya chuma na chuma. Njia nyembamba hujipinda bondeni bila kuulazimisha kila mlima upasuliwe. Gharama yake watu wa Kilosa wanaijua: Mkondoa ukifurika, tuta huondoka nao, kama ilivyotokea katika mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010.

Sasa chukua kona hizo uzipunguze mara 87, kipimo kinachotumika zaidi duniani kwa treni za mezani. Swali la mhandisi wa 1905 linarudi lilivyo: nafasi ni finyu, njia ipindwe kiasi gani? Na pale penye njia mbili, ziachane kiasi gani? Mataifa yenye mazoea ya ufundi huu yamejibu kila moja kivyake, na mtu anayetaka kuiunda Kilosa sebuleni kwake atalazimika kuchagua wa kumfuata.

Jibu la Wajerumani ndilo lililoenea. Kiwanda cha Märklin huuza vipande vya reli vilivyopindwa tayari. Kona yake ya kwanza ina nusu kipenyo cha milimita 360 na ya pili 437.5. Zidisha 360 kwa 87 upate mita 31 na kidogo. Hakuna treni ya abiria ya njia kuu inayoweza kupita kona kama hiyo. Umbali kati ya kona hizo mbili ni milimita 77.5, yaani karibu mita 6.7 katika uhalisia, ilhali njia mbili za Ujerumani huachana mita 4 hivi. Nafasi hiyo ya ziada ina sababu. Behewa la mita 26 likiingia kwenye kona, tumbo lake huegemea ndani na ncha zake hutokeza nje. Chukua umbali kati ya egemeo la seti yake ya magurudumu ya mbele na la seti ya nyuma, uzidishe kwa wenyewe, kisha ugawe kwa mara 8 ya nusu kipenyo; utapata kiasi ambacho tumbo limetoka nje ya mstari. Kwenye kona ya milimita 360, behewa la mita 26 lililopunguzwa kwa uaminifu hutoka milimita 16 hivi. Njia zikibanwa, mabehewa mawili yanayopishana yatagusana. Ndiyo maana viwanda viliwahi hata kuyafupisha mabehewa yenyewe: kona ilikuwa kali mno, ikabidi treni ikatwe ili ipite.

Siridhiki na suluhisho hilo, hasa kwa Kilosa. Limebuniwa kwa ajili ya nchi ya njia mbili sambamba, ambako kona na upishano hukutana mahali pamoja. Kwetu mambo hayo mawili hayakai pamoja. Reli ya zamani ni njia moja. Hata SGR, reli mpya ya kisasa, kutoka Morogoro hadi Makutupora, ni njia moja ya kilomita 336, pamoja na kilomita 86 za njia za kupishana na za stesheni. Kona ziko porini, peke yake kila moja. Upishano uko stesheni, mahali pa tambarare. Kwa hiyo zile milimita 77.5 hatuna haja nazo njiani. Stesheni ya Kilosa mezani inaweza kupangwa kwa milimita 50 kati ya njia na njia, karibu na uhalisia, mradi vidole vipate pa kupita kulinyanyua behewa lililoanguka.

Mwalimu bora, kwa maoni yangu, yuko Uswisi. Njia ya Bernina, iliyofunguliwa kwa awamu kati ya 1908 na 1910, ina upana wa mita 1 kama yetu na ni ya miaka ileile ya ujenzi wetu. Kona zake kali zaidi zina nusu kipenyo cha mita 45. Gawa kwa 87: milimita 517. Hapa mezani hakuna udanganyifu wowote. Kona ya kweli inaenea kwenye meza ya kweli. Waswisi huitembeza reli hiyo kwenye vyuma vyenye upana wa milimita 12, na mabehewa yake mafupi hayahitaji kukatwa. Mtu wa Kilosa anayo haki ya kuichukua desturi hiyo kuliko ile ya Wajerumani, ingawa Wajerumani ndio waliotujengea.

Wajapani wameenda mbali zaidi kwa kupunguza mara 150, kwa sababu nyumba zao ni ndogo, lakini vyuma vyao vya milimita 9 ni vipana mno kwa reli ya nchi yao ya milimita 1,067, ambayo ingehitaji 7 tu. Kutoka Marekani nachukua jambo moja: treni isiingie kwenye duara ghafla. John Armstrong, katika kitabu chake cha 1963 juu ya kupanga njia, aliitetea kona inayoanza polepole. Kuichora ni rahisi: sogeza mstari mnyoofu sentimita moja nje ya duara, pinda ufito mwembamba kati ya vyote viwili, ufuate kwa penseli.

Jambo moja la kwetu meza hailiwezi. Tawi linalotoka Kilosa kupitia Mikumi huishia Kidatu, linakokutana na reli ya TAZARA. Huko mita 1 inakutana na milimita 1,067, na mzigo hulazimika kuhamishwa. Tofauti hiyo ya milimita 67, ikipunguzwa mara 87, haifiki hata milimita moja. Vyuma vya milimita 12 hutumika kwa zote mbili. Anayeijenga Kidatu lazima aweke mwenyewe jukwaa la kuhamishia mizigo, la sivyo mabehewa yatapita moja kwa moja na habari nzima ya mahali pale itapotea.

Na SGR? Treni ya kilomita 160 kwa saa inataka kona yenye nusu kipenyo cha zaidi ya kilomita moja. Kona ya mita 1,200 ni karibu mita 14 baada ya kupunguzwa; kwenye meza ya mita 3 itapinda sentimita 8 tu. Iwekwe nyuma ya meza, itoke handaki moja na kuingia jingine, na ile ya zamani ipewe sehemu ya mbele yote pamoja na mto wake.