Migogoro ya ujenzi mkoani Kilimanjaro
Mgogoro wa ujenzi ni kutoelewana kati ya mwenye jengo, mbunifu, mkandarasi au jirani kuhusu mpaka, gharama, muda au ubora wa kazi.

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, vihamba vya Wachagga hurithiwa ndani ya ukoo, mara nyingi bila hati, na mipaka huonyeshwa kwa mimea ya masale. Hivyo, kabla ya kuchimba msingi, mpaka huhakikiwa mbele ya ndugu na majirani. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 hukataza ujenzi ndani ya mita 60 kutoka mtoni.

Mjini Moshi, kibali hutolewa na manispaa. Mkataba wa maandishi na mkandarasi aliyesajiliwa hupunguza kesi. Baraza la Taifa la Ujenzi, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979, husaidia usuluhishi. Jani la isale hutumika pia kuomba msamaha.